Jembe Ninalo, Shamba Liko Wapi?



Methali hii mnaijua nyote, na wengi wenu mmekwisha kuitumia nyumbani: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi ni mwalimu wa historia. Nimeisema darasani miaka mingi, na wageni wangu pia nimewatupia, nikicheka. Leo nataka niwaeleze namna methali hiyo ilivyonigeukia mimi mwenyewe.

Ninakaa Majengo, hapa Goma, upande wa barabara inayopanda kwenda Rutshuru. Kwa ninyi ambao hamjafika kwetu: tunaishi juu ya mawe ya volkano. Kuchimba choo ni kazi ya nyundo na ya siku nyingi. Mama anayetaka kupanda vitunguu kidogo nyuma ya nyumba anatafuta kwanza udongo, anauleta kwa mfuko. Lava ya tarehe 22 Mei 2021 ilikuja kusimama karibu nasi, moto ungali ndani yake. Kwetu mawe ni mengi. Udongo ndio wa kutafuta.

Mwishoni mwa mwaka 2022 vita vilishuka kutoka Rutshuru mpaka Kibumba, na watu wakajaa Kanyaruchinya, hapo juu yetu tu. Vibanda vya shitingi vilisimamishwa juu ya mawe, kimoja ubavuni mwa kingine. Familia moja ilikuja kuomba mahali pa kulala katika parseli yangu: baba, mama na watoto wanne, wawili wakiwa mapacha. Niliwapa nyumba ndogo ya mbao iliyo nyuma, ambamo zamani niliweka makala. Yule mama tulimwita Mama ya Mapacha, nami nitamwita hivyo katika habari hii.

Mwezi wa pili mwaka 2023, mvua ya kupanda ilipokaribia, nilimwona yule baba akikaa mlangoni kila asubuhi, mikono juu ya magoti. Nikamtania: "Baba, siku mbili zimepita zamani. Methali inasema nini?"

Hakucheka. Aliingia ndani, akatoka na jembe. Mpini ulikuwa umekatwa ukawa mfupi, ili jembe liingie katika mzigo. Akaniambia: "Mama mwalimu, jembe niko nalo. Njo kitu ya kwanza nilibeba siku tulikimbia. Sasa unionyeshe fasi ya kulipiga."

Msomaji, mimi nina shamba.

NILIOGOPEA UDONGO WANGU

Ni nusu hekta karibu na Sake, baba yangu aliniachia. Wakati ule sehemu yake kubwa ilikuwa imelala bila kulimwa. Yule baba alijua, maana watoto huongea. Nilimjibu kwamba shamba ni la ukoo, kwamba lazima kaka zangu waulizwe, kwamba tutaona. Kaka zangu sikuwauliza.

Kwa nini? Ninyi wa Kivu mnajua kwa nini. Kwetu ukimwonyesha mtu kipande cha udongo, unaogopa kwamba kesho mtoto wake atamwambia mtoto wako: "Hapa ni petu." Hofu hiyo haikuanguka kutoka mawinguni. Kati ya mwaka 1937 na 1955, watawala wa Kibeljiji walihamisha watu wengi sana kutoka Rwanda na kuwakalisha Masisi, upande wa Gishari, kwa mpango ulioitwa MIB. Rwanda ilikuwa na watu wengi na njaa, nao Wabeljiji walihitaji mikono katika mashamba yao makubwa na katika machimbo. Mambo yalipangwa ofisini na wakubwa. Mkulima wa kilimani, awe mwenyeji au mgeni, alikuta jambo limekwisha. Uchifu wa Gishari ulioundwa kwa ajili ya hao wageni ulivunjwa mwaka 1957, na swali la udongo likabaki bila jibu. Mwaka 1993 swali hilo, pamoja na lile la uraia, liliwaka moto Walikale na Masisi, na maelfu ya watu wakafa.

Sisemi haya ili mtu anyooshewe kidole. Mtoto aliyezaliwa Gishari hakuchagua mpango ule, wala mtoto wa mwenyeji hakuchagua. Nasema tu kwamba hofu yangu ilikuwa na historia. Na mimi, mwalimu wa historia, nilijificha nyuma yake.

Baada ya majuma mawili yule baba alisema anakwenda kuchimba, upande wa Kalehe. "Nikipata hata kidogo nitatuma," alimwambia mke wake. Hakuwa amewahi kushika kazi ya shimo. Ninyi mnaosoma gazeti hili katika machimbo mnaijua njia hiyo kunipita mimi. Mnajua ni wakulima wangapi wameteremka mashimoni kwa sababu tu shamba limebaki upande wa pili wa vita. Jembe lake lilibaki nyuma ya mlango wa nyumba ya makala.

SWALI KUTOKA KITI CHA NYUMA

Mwezi wa tano nilikuwa nafundisha habari za Hitler. Nilieleza alivyoshika utawala wa Ujeremani mwaka 1933, na namna Wayahudi, ambao wazee wetu wamezoea kuwaita Wayuda, walivyofukuzwa katika kazi, katika shule, mpaka ule usiku wa tarehe 9 mwezi wa 11 mwaka 1938, nyumba zao za sala zilipochomwa. Nikasema kwamba mwishoni mwa vita vile Wayahudi milioni 6 walikuwa wameuawa, na kwamba waliopata kukimbia mapema walitawanyika duniani.

Msichana mmoja aliyekaa nyuma, mtoto wa wakimbizi kutoka Rutshuru, alinyosha mkono. Darasani tunasema Kifaransa, lakini yeye aliuliza kama anavyouliza nyumbani: "Mwalimu, bale balikimbia, balipewa fasi ya kulima?"

Wenzake walicheka. Mmoja akasema: "Wayuda balime? Bale ni batu ba biashara!"

Hata mimi nilikuwa na wazo hilo. Wayahudi ambao Wakongomani wa zamani waliwajua walikuwa hasa wafanyabiashara. Ninyi wa Lubumbashi mnayo mpaka leo sinagogi iliyojengwa mwaka 1930, wakati mji ulipoitwa Elisabethville. Wengi wa waliosali mle walitoka kisiwa cha Rhodes, wakaja kufungua maduka. Lakini Biblia tunayoisoma kila siku imejaa mashamba yao. Ruthu, mwanamke mgeni, aliokota masazo ya shayiri katika shamba la Boazi. Basi jembe lilipotea wapi? Lilipotea kwa sababu katika falme nyingi za Ulaya, kwa karne nyingi, Myahudi alikatazwa kumiliki ardhi. Mtu asiye na ruhusa ya kulima atashona nguo, atauza, atakopesha. Halafu watu watasema ndiyo tabia yake.

Nilimwahidi yule msichana jibu. Nilitafuta katika vitabu, na nilichokipata sikukitazamia: sehemu kubwa ya jibu iko hapa kwetu, Afrika ya Mashariki.

WALIPOTAKA KUWAPA UASIN GISHU

Mwezi wa nne mwaka 1903, Wayahudi karibu 50 waliuawa katika mji wa Kishinev, uliokuwa chini ya Urusi. Mwandishi mmoja wa Vienna, Theodor Herzl, alikuwa akizunguka kwa wafalme na mawaziri akitafuta nchi ya kuwakalisha watu wake. Waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alikuwa ametoka kusafiri kwa gari la moshi la Afrika ya Mashariki, akaziona nyanda za juu zenye baridi na majani. Basi Uingereza ikamtolea Herzl sehemu ya Uasin Gishu, karibu kilometa za mraba 13,000. Watu waliuita mpango wa Uganda, lakini mahali penyewe ni Kenya ya leo, upande wa Eldoret.

Mkutano mkuu wa Wayahudi uliofanyika Basel mwezi wa nane ulipiga kura: 295 walikubali watu watumwe kuiangalia nchi hiyo, 178 walikataa. Wapelelezi watatu walifika huko mwanzoni mwa mwaka 1905, wakarudi wakisema nchi haitoshi kuwalisha watu wengi. Herzl alikuwa amekwisha kufa, na mwaka huo huo mpango ukakataliwa. Walowezi Waingereza wa Kenya nao walikuwa wamekwisha kupiga kelele kwamba hawawataki Wayahudi.

Hebu simama hapa kidogo, msomaji. Katika habari yote hii London ilisema, Basel ilisema, walowezi wa Nairobi walisema. Nani hakuulizwa? Wanandi na Wamaasai, waliokuwa wakilisha ng'ombe wao katika nyanda zile. Kwenye karatasi za wakubwa, nchi iliandikwa kama iko wazi. Mwezi wa kumi mwaka 1905, kiongozi wa Wanandi, Koitalel arap Samoei, aliuawa na mwofisa wa Kiingereza katika mkutano ulioitwa wa amani. Kuanzia mwaka 1908 zile nyanda zilikaliwa na Makaburu kutoka Afrika ya Kusini. Wayahudi hawakuja, na mwenye udongo aliupoteza vilevile.

MWANASHERIA ALIYEKUWA MWANGALIZI WA SHAMBA

Miaka 30 na zaidi ilipita, Hitler akaja. Mwezi wa saba mwaka 1938 wajumbe wa nchi 32 walikutana Évian, katika Ufaransa, kuzungumza juu ya wakimbizi Wayahudi. Karibu kila nchi ilisema inawahurumia, na karibu kila nchi ilisema haina nafasi. Nchi nyingine zilisema zingeweza kupokea wakulima tu.

Wakulima! Wengi wa watu wale walikuwa wanasheria, madaktari, wenye maduka. Basi vijana wakaanza kujifunza. Huko Ujeremani kulikuwa na mashamba ya mafunzo, kama lile la Gross-Breesen lililofunguliwa mwaka 1936, ambapo watoto wa mjini walijifunza kukamua maziwa na kulima ili wapate nchi ya kuwapokea. Mwezi wa 11 mwaka 1938 mkurugenzi wa shule hiyo, Curt Bondy, na wanafunzi wakubwa walikamatwa wakapelekwa kambi ya Buchenwald. Wale walioachiliwa walitafuta njia ya kutoka nchini.

Wakati huo huo, chama kilichoundwa London kwa jina la Plough Settlements Association kilipanga kuwaleta vijana kama hao Kenya, wafanye kazi katika mashamba ya Wazungu kwanza, baadaye wapate ya kwao. Waliofika kwa njia hiyo walikuwa wachache, maana walowezi waliogopa wasije wakawa wengi. Wengine walikuja kwa njia zao wenyewe. Mmoja wao ni Walter Zweig, mwanasheria wa Silesia ya Juu, aliyepata kazi ya kuangalia shamba la mtu huko Rongai. Mke wake na binti yake mdogo Stefanie walimfuata mwaka 1938. Mtu aliyezoea joho la mahakama sasa alihesabu ng'ombe wasio wake. Vita vilipoanza mwaka 1939, Waingereza waliwakamata kwa sababu walitoka Ujeremani, kana kwamba wao ni watu wa Hitler! Baadaye Walter aliingia katika jeshi la Uingereza, na mwaka 1947 familia ilirudi Ujeremani. Binti yule aliandika yote katika kitabu kilichotoka mwaka 1995, na filamu iliyotengenezwa kwacho ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2003. Katika habari yake, anayewafundisha wageni kuishi pale ni Owuor, mpishi wao Mwafrika.

Lakini ninyi jiulizeni: Owuor angeweza kuwa na shamba katika nyanda zile? Hapana. Nyanda za juu zilikuwa zimewekwa kwa ajili ya Wazungu, na mwaka 1939 jambo hilo likatiwa nguvu ya sheria. Mkimbizi alipumzika juu ya udongo ambao mwenyeji alikuwa amefukuzwa. Huyo mkimbizi hakuwa na kosa. Aliokoka, na Mungu ashukuriwe kwamba aliokoka. Ila aliyempa nafasi hakuwa mwenye nafasi.

JIBINI YA MKIMBIZI

Pale Évian, nchi moja ndogo ya ng'ambo, Jamhuri ya Dominika, ilisema itapokea hadi watu 100,000. Rais wake, Trujillo, alikuwa mtu mkali sana. Mwezi wa kumi mwaka 1937 alikuwa ameamuru Wahaiti, majirani zake weusi, wauawe mpakani, na maelfu waliuawa. Sasa alitaka kusafisha jina lake, tena alitaka kuingiza Wazungu katika nchi. Huyo ndiye aliyefungua mlango ambao wema waliufunga. Dunia ina mambo!

Mapatano yalitiwa sahihi mwezi wa kwanza mwaka 1940, na wakimbizi wakaanza kufika mahali paitwapo Sosúa, katika ardhi ya zamani ya kampuni ya ndizi, zaidi ya hekta 10,000. Hawakufika 100,000; walikuwa mamia tu, maana vita vilikuwa vimefunga njia. Walijaribu nyanya, hazikuwatoa. Kisha wakashika ng'ombe: maziwa, siagi, jibini. Kwa ushirika wao wakauza katika nchi nzima, na jina la Sosúa likajulikana kwa jibini yake. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, maana nilifikiri jibini yetu ya Masisi. Kumbe mtu wa mjini, akipewa udongo, ng'ombe na muda wa kukosea, anaweza kuwa mfugaji.

Na hapo nikaona aibu yangu. Wale walipewa udongo na mikono haijui kazi. Mgeni wangu alikuwa na mikono inayojua kazi tangu utoto, nami nilimnyima udongo uliokuwa umelala.

AMANI TAMU YA MBALE

Habari moja tena, ya jirani. Uganda, kwenye miteremko ya mlima Elgon karibu na Mbale, wako wakulima Waafrika walio Wayahudi, waitwao Abayudaya. Hawa hawakukimbia kutoka Ulaya. Mwaka 1919 kiongozi mmoja Muganda, Semei Kakungulu, aliyewahi kuwa mkuu wa vita upande wa Waingereza, alisoma Biblia akaamua kushika sheria ya Musa, naye akafuatwa na watu wake. Alikufa mwaka 1928. Idi Amin aliwakataza kusali, na wengi waliiacha dini hiyo. Waliobaki waliendelea kulima kahawa kama majirani zao.

Mwaka 2004 mmoja wao, J. J. Keki, alipita kwa majirani, Wakristo na Waislamu, akiwaomba wauze kahawa pamoja badala ya kila mmoja kuonewa na mnunuzi peke yake. Walianzisha ushirika wakauita Mirembe Kawomera, yaani, kwa Kiganda, amani tamu. Tofauti na London au Trujillo ni hii: hapa hakuna mkono wa mbali uliogawa kitu cha mtu mwingine. Wenye mashamba walikaa uso kwa uso, wakapatana.

Ndipo nikaelewa neno moja ambalo nataka mlibebe. Udongo unaogawiwa na mtu asiye mwenyewe huzaa vita kwa wajukuu. Lakini dawa yake siyo kumnyima mgeni. Dawa ni mwenye udongo mwenyewe kukaa naye chini, wasemezane, waandike. Mimi nilikuwa mwenyewe. Hakuna serikali iliyonishurutisha, hakuna ofisi iliyonipita. Nilikosa tu kukaa chini.

MSIMU MMOJA

Mwezi wa saba mwaka 2023 yule baba alirudishwa kwa pikipiki, ameshikiliwa nyuma na kijana mmoja. Udongo wa shimo ulimwangukia mguuni. Mfupa ulikuwa umeungwa vibaya. Alipofika mlangoni aliniambia tu: "Mama mwalimu, nimerudia." Sikupata neno la kumjibu.

Mwezi wa tisa niliwaita kaka zangu wawili na mzee wa kijiji kule Sake. Tulikaa chini ya mti wa avoka, pamoja na yule baba na Mama ya Mapacha. Kaka yangu mkubwa alisema wazi hofu yake: "Leo maharagi, kesho bataweka migomba. Migomba ikishaota, nani atabatosha?" Mama ya Mapacha hakukasirika. Alijibu: "Papa, hata kwetu ni vile. Mwenye kuomba shamba hapandi mti. Uandike."

Tuliandika. Misimu miwili. Maharagi na mahindi tu; hapana migomba, hapana mti wowote. Mbegu nitatoa mimi, naye atairudisha wakati wa mavuno na beseni mbili juu yake. Mzee wa kijiji akatia sahihi, nasi wote pia. Yule baba aliweka kidole. Kaka yangu alitazama jembe lile la mpini mfupi, akaenda akakata mti, akalitia mpini mpya.

Msomaji, kikao chote kilichukua nusu saa. Nusu saa! Hiyo ndiyo niliyoinyima familia ile tangu mwezi wa pili, na mguu wa mtu ukavunjika katikati.

Mama ya Mapacha alilima karibu peke yake, akishuka Sake na kulala huko siku za kazi, mume akikaa na watoto. Mwanzoni mwa mwaka 2024 alivuna magunia mawili ya maharagi na kidogo juu yake. Alinirudishia mbegu na beseni zangu mbili, akizipima mbele ya kaka yangu mpaka zikamwagika. Siku ile watoto wangu na watoto wake walikula sufuria moja, na yule baba alicheka kwa mara ya kwanza katika parseli yangu.

Msimu wa pili haukuwapo. Mwezi wa pili mwaka 2024 vita vilifika Sake, na hakuna aliyekwenda shambani tena. Mwaka uliofuata, mwisho wa mwezi wa kwanza, Goma ilianguka mikononi mwa M23, na katika mwezi wa pili kambi zilizotuzunguka zilivunjwa, watu wakaambiwa warudi makwao. Familia ile ikafunga mizigo yake pia.

Asubuhi ya kuondoka, Mama ya Mapacha alitoa chini ya kitanda bido ya njano iliyofungwa vizuri. Ndani yalikuwa maharagi ya Sake, yamechanganywa na majivu yasiliwe na wadudu. Mwaka mzima aliyatunza. Nilijua siku ambazo watoto wale walilala na uji peke yake, na siku hizo hakuifungua. Nilimuuliza kwa nini. Akasema: "Hii si chakula, mama. Hii ni kurudi."

Walipanda barabara ya Rutshuru kwa miguu. Bido ilikuwa kichwani mwa mama, mzigo juu ya chukudu waliyoikodi, na baba nyuma akichechemea, jembe begani, na ule mpini wa kaka yangu.

Kwa hiyo, wapendwa, methali yetu ni njema, nami nitaendelea kuifundisha. Ila sasa nawaambia wanafunzi wamalizie wenyewe: kabla hujampa mgeni jembe, angalia kama analo. Akiwa nalo, kinachobaki kuulizwa kiko kwako.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI NA KATIKA SHIRIKA

1. Je, familia yetu ina udongo uliolala, na ni nani anayepaswa kuulizwa kabla ya kumwazima mtu?

2. Katika machimbo yetu, ni nani aliyekuwa mkulima kabla ya vita? Tumewahi kumuuliza alilima nini, na wapi?

3. Vijana: waulizeni wazee wenu namna mapatano ya kuazimana shamba yalivyofanywa zamani kwenu, na mambo yaliyokatazwa. Yaandikeni, maana siku moja mtaketi chini ya mti kama sisi.